Usikubali "mzio wa ganzi" bila jina la dawa

Usimpeleke mkeo akang'olewe jino mkavu, bila ganzi! Umesema alichomwa sindano, moyo ukamwenda mbio, akatetemeka, akazirai kitini, na daktari akatangaza ana mzio wa ganzi. Sasa unauliza kama avumilie tu, au atoneshewe dawa mkononi pale duka la dawa, na kipimo ni bei gani.

Mamangu aliambiwa maneno hayo hayo, hapa hapa Mombasa. Daktari wa meno alimwandikia kwa wino mwekundu kwenye kadi: "Mzio wa ganzi." Basi. Dawa gani? Kiasi gani? Ilikuwa na adrenalini? Hakuna. Tangu siku hiyo, Majengo hadi Likoni, kila aliyeiona kadi aliiweka sindano chini. Jino likaoza, taya likavimba, mwishowe akang'olewa akiwa amelazwa usingizi wa upasuaji, na bili ikala mtaji wake wote wa viazi karai. Mtu yule alishindwa kuandika neno moja zaidi! Mpaka leo sijamsamehe.

Mzio wa kweli wa lidokaini, dawa ya ganzi itumikayo sana kwa meno, ni nadra sana. Moyo kwenda mbio mara nyingi ni adrenalini, inayochanganywa humo ili ganzi ikae muda mrefu. Kuzirai mara nyingi ni hofu. Mzio huja na vipele vya kuwasha, midomo kuvimba, kifua kubana. Na hata ukiwa ni mzio, huenda chanzo ni kihifadhi kilichomo, au glavu za mpira, au dawa ya kusafishia kinywa. Utajuaje bila jina?

Tone la mkononi si kipimo. Mamangu alipimwa hospitalini, adrenalini ya dharura, ya kutibu mzio mkali ukitokea, ikiwa tayari kando, lakini ganzi yenyewe ya kupimia haikuchanganywa na adrenalini, kwa kuwa hubana mishipa na kuficha uvimbe. Alidungwa juu ya ngozi, kisha ndani ya ngozi kwa dawa iliyozimuliwa, kisha chini ya ngozi kidogo kidogo, kuanzia 0.1 ml hadi kiasi cha kawaida, huku akiangaliwa kila hatua. Hakutoka hata kipele. Kadi ikaandikwa upya.

Na yote hayo yalianza pale tulipolipata jina la dawa. Kwa hivyo ndugu yangu, rudi kwa daktari huyo leo, faili la mkeo lingali mezani, akuandikie dawa, kiasi, na kila kilichokuwamo. Usitoke bila karatasi.