Kwa mhadhiri mpya anayehamia Mtwara: mwanafunzi akinyamaza, mfuate

Karibu Mtwara. Ukifika msimu wa korosho utakuta malori yanaelekea maghalani, watu wanaulizana bei ya mnada wa jana, na vijana wa mwaka wa kwanza wanashuka kwenye mabasi ya Newala, Tandahimba, Masasi na Nachingwea na magodoro yao yamefungwa kamba. Hao ndio wanafunzi wako. Nimefundisha vyuo vikuu zaidi ya miaka ishirini, na haya ndiyo ningependa mtu aniambie siku niliyokabidhiwa ufunguo wa ofisi huku kusini.

Nianze na kosa langu, maana ndilo lililonifunza ulezi. Mwaka wangu wa pili hapa nilikuwa na binti wa kutoka Newala. Alianza vizuri, jaribio la kwanza akawa miongoni mwa watatu wa juu, halafu akapotea. Aliporudi baada ya karibu mwezi mzima alikaa kiti cha nyuma kabisa wala hakufungua mdomo. Nikamsimamisha. Nikamwambia mbele ya wenzake kwamba chuo si gulio, mtu haingii na kutoka anavyotaka. Darasa likacheka. Yeye akainamisha kichwa akatazama mikono yake, nami nikaitazama. Ncha za vidole zilikuwa nyeusi, ngozi imebabuka.

Mtu wa kusini haulizi alama ile imetoka wapi. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi, na anayebangua kwa mkono bila glavu yanamwacha na vidole vya namna hiyo. Binti yule alikuwa akibangua kwa ujira ili alipe chumba. Korosho za baba yake zilikuwa zimeshapimwa, ila fedha hazijafika. Tangu 2007 korosho za huku zinauzwa kwa stakabadhi ghalani: mkulima anapeleka mzigo chama cha msingi cha ushirika, unakwenda ghala kuu, unauzwa kwa mnada, makato yanatolewa, ndipo malipo yanaingia benki. Kati ya mizani na benki zinaweza kupita wiki kadhaa, na ada inadaiwa katikati ya wiki hizo hizo.

Kipindi kilichofuata nilimwomba radhi mbele ya darasa lile lile. Kumwita ofisini nikamwomba radhi kwa siri kusingetosha, kwa sababu aibu niliyompa niliitoa hadharani. Kisha tukaenda pamoja kuomba alipe ada kwa awamu. Alimaliza shahada yake. Lakini nilikaribia kumpoteza kwa sentensi moja, na hilo sijalisahau.

Tangu hapo nina daftari, ukurasa mmoja kwa kila mwanafunzi ninayemlea. Wiki ya kwanza namuuliza mambo machache: nani anakulipia, unakaa wapi, na simu uliyoandika ni yako au ya nani? Swali la simu usilidharau. Utapiga kumtafuta kijana aliyekosa mtihani, apokee mjomba wake yuko Liwale, hajui hata kama mtoto kafungua chuo. Andika na namba ya mwenzake wa chumba. Anayekosa vipindi viwili mfululizo namtafuta siku hiyo hiyo, sisubiri orodha ya waliofeli. Kijana wa kwetu akielemewa hatakuja kulalamika mlangoni. Atakuamkia shikamoo, atasema hajambo, kisha atatoweka.

Kwenye utafiti, fuatilia barua mapema. Mwanafunzi anayekwenda vijijini anahitaji barua ya chuo, apite kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ashuke wilayani, kwa mtendaji wa kata, mpaka kwa mtendaji wa kijiji. Akiruka ngazi moja anarudishwa, na nauli imeshaliwa. Lisome na dodoso lake kwa sauti, kwa Kiswahili, kabla hajaondoka. Kijana wangu mmoja alikwenda Tandahimba na swali la ekari. Wazee wakamtazama tu, kwa sababu wao wanahesabu mikorosho. Alipouliza una mikorosho mingapi, wakamjibu mpaka ile iliyokauka. Na rasimu ya mwanafunzi usiilalie. Mimi nimejiwekea siku saba, na zikipita namwomba radhi kama ambavyo yeye angeniomba mimi.

Utapewa na uongozi, pengine mapema kuliko unavyotarajia, maana watu ni wachache. Katika chuo nilichofanyia kazi zamani, mbali na hapa, maji yalikatika hosteli nikiwa mkuu wa kitivo. Wanafunzi walikusanyika chini ya mwembe, nami kwa kutaka watulie nikawaahidi maji Ijumaa. Ijumaa ikafika, bomba kavu. Hasira yao ya Jumamosi ilikuwa halali, na mwenye kosa nilikuwa mimi niliyetaja siku nisiyoimiliki. Siku hizi nawaambia ninachokijua, ninachokwenda kukiuliza, na saa nitakayorudi kuwaeleza. Saa hiyo narudi, hata kama sina jipya.

Kuna jambo moja ambalo sina mjadala nalo. Alama haiuzwi wala haiombewi mwili wa mtu. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai, kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Usimamizi wa utafiti ufanyike ofisini, mlango wazi, mchana, na maoni yako yaandikwe kwenye rasimu. Ukisikia mwenzako anafanya kinyume, ukanyamaza kwa kuwa ni rafiki, binti anayeombwa atakuwa amekosa mahali pa kukimbilia.

Wiki hii daftari langu lina majina mawili niliyoyawekea wino mwekundu. Mmoja nimeshampata, alikuwa na malaria, anaendelea vizuri. Wa pili anatoka Ruangwa, simu yake haipatikani tangu Jumatatu. Kesho kabla ya kipindi cha saa mbili asubuhi naanzia kwa mwenzake wa chumba. Kama ratiba yako inaruhusu, twende wote.