Anza na reli ya Moshi, katalogi baadaye

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa: anayejenga modeli ya reli nyumbani, akitaka ifanane na ya kweli, achague njia ya aina gani? Vipande vilivyokatwa tayari vyenye tuta la plastiki, njia ndefu za kupinda kwa mkono, au atengeneze mwenyewe reli kwa reli? Najua wengi watawajibu kwa kutaja kampuni. Mimi ni mkazi wa Moshi, na nasema kampuni ije mwisho. Kwanza nenda ukaitazame reli unayotaka kuiiga.

Tuanze na upana, maana hapo ndipo watu wengi wanapopotea kabla hata hawajafungua boksi. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi 1911, kisha Waingereza wakaifikisha Arusha 1929, ina upana wa mita moja. Njia za modeli zinazouzwa kwa wingi ni za kipimo cha HO, ambacho kila kitu kimepunguzwa mara 87, na upana wake ni milimita 16.5. Zidisha kwa 87: unapata takriban milimita 1,435. Hiyo ni SGR. Ukiiga SGR ya Dar es Salaam na Dodoma, nunua njia hiyo ukiwa na amani, ila hakikisha mataruma yake, yaani vile vipande vinavyolala chini kuzishika reli, ni ya zege. Ukiiga stesheni ya Moshi au Arusha, umeongeza karibu nusu mita kati ya reli na reli, na hakuna rangi wala nyasi za bandia zitakazoificha. Behewa linaonekana limetanua miguu.

Kwa HO, njia inayotufaa inaitwa HOm, ya milimita 12. Kampuni za Peco ya Uingereza na Tillig ya Ujerumani wanaitengeneza, kwa kuwa Uswisi ina reli nyingi za mita moja na wapenzi wa modeli wa huko ni wanunuzi wazuri. Milimita 12 mara 87 ni 1,044. Tofauti ya sentimita nne na kitu jicho haliioni. Asiyeipata HOm ana ujanja mwingine: achukue njia ya N, kipimo kidogo kuliko HO, ya milimita 9, halafu majengo na mabehewa ayatengeneze kwa kipimo cha 1:120. Hapo upana unakuwa sawa na milimita 1,080. Kasoro yake ni kwamba mataruma ya N ni mafupi na yamebanana. Geuza njia, kata kwa wembe viunganishi vidogo vya plastiki vilivyo chini, sogeza mataruma yaachane kidogo. Ni kazi ya jioni chache, na redio ikiwa inaimba pembeni haichoshi.

Sasa kimo cha reli, jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko hata kichwa cha treni utakachokipitisha juu yake. Kwenye boksi la njia utakuta namba: 100, 83, 75, 70, 55. Ni kimo cha reli kwa sehemu za elfu moja za inchi. Namba 100 ni milimita 2.54, ikuze mara 87 unapata reli yenye kimo cha milimita 221. Hata Pennsylvania Railroad ya Marekani, iliyokuwa na reli nzito ajabu za pauni 155 kwa yadi, iliishia inchi 8 tu, yaani milimita 203. Reli nyepesi za pauni 60 kwa yadi, aina iliyozoeleka kwenye njia za mita moja, hazifiki milimita 120. Kwa hiyo namba 55, inayotoa kama milimita 122, ndiyo saizi yetu. Namba 70 inavumilika. Namba 75, ambayo ndiyo utakayoikuta kwenye HOm ya Peco, inatoa 166: imezidi, ila ukipaka ubavu wa reli rangi ya kutu na kuacha kipara cha juu tu kiking'aa, inaonekana nyembamba kuliko ilivyo. Namba 100 mwachie mtoto.

Tahadhari moja kwa wenye mabehewa ya zamani: kingo za magurudumu yao ni ndefu, na kwenye reli fupi zinagonga vishikizo vya reli, behewa linarukaruka. Magurudumu ya umbo la RP25, lenye kingo fupi, hayana tabu hiyo.

Halafu mataruma. Karibu kila njia ya plastiki imechorwa nyuzi za mbao, maana waliochora walikuwa wanaangalia reli za kwao. Omba ruhusa kwa stesheni masta (usishuke relini wala kupiga picha bila ruhusa) utazame taruma la huku, la chuma, kwa karibu. Ni bamba lililokunjwa kama hori lililopinduliwa chini juu, ncha zake mbili zimeinama kuingia kwenye kokoto, hivyo kinachoonekana ni mgongo tu, laini, wenye rangi ya kahawia iliyochanganyika na grisi nyeusi iliyodondoka kwenye mabehewa. Kwa hiyo chukua msasa laini, futa zile nyuzi za mbao, ukwangue ncha za taruma ziteremke, kisha paka kahawia isiyong'aa. Mgeni wako hatajua ulichofanya. Ataona tu kwamba hii ni reli ya huku.

Kokoto usiagize. Zinazouzwa kwenye pakiti nyingi ni kubwa mno. Jiwe la milimita 50 kwa HO linatakiwa liwe kama milimita 0.6. Mchanga mweusi wa volkano tulionao, ukichekechwa kwa chujio la chai, unatoa punje za saizi hiyo na rangi yake ni ya nyumbani kabisa. Lakini pitisha sumaku juu yake kabla ya kuumwaga. Sumaku ya spika mbovu inatosha. Utashangaa ndevu nyeusi zitakazoota juu yake: ni chembe za chuma, na zikibaki njiani zitavutwa na mota ya treni yako mpaka isimame. Baada ya hapo, gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji na tone la sabuni ya vyombo, idondoshe taratibu kwa bomba la sindano.

Vile vipande vyenye tuta la plastiki, kama Kato Unitrack au E-Z Track ya Bachmann, sina ugomvi navyo. Vinaunganika haraka na umeme haukatiki. Ila vina mteremko uleule pande zote, kumbe uwanja wa stesheni zetu ni bapa, kokoto zimechanganyika na udongo na nyasi hadi ukingoni mwa reli. Na kona zake ni kali: kipande cha kona chenye nusu kipenyo cha inchi 18, ukikikuza mara 87, ni kona ya nusu kipenyo cha mita 40. Treni kubwa haipiti hapo. Njia ya kupinda kwa mkono inakuruhusu kuingia kwenye kona polepole, kutoka mnyoofu hadi mpindo, na behewa la abiria likipita hapo linageuka kwa heshima zake.

Je, kutengeneza mwenyewe? Kipande kimoja cha mbele, pale mtazamaji anaposogeza macho karibu, ndiyo: chomelea reli kwenye vibamba vyembamba vya shaba, vile vya bodi za umeme, na ukwangue katikati ya kila kibamba ili shoti isipite. Kwingine nunua. Swichi za kubadilishia njia nunua zote, hata kama mkono wako ni mwepesi, kwa sababu swichi iliyokosea robo milimita inaangusha treni kila inapopita, na ukiingia kuirekebisha unachafua kokoto ulizokwisha gundisha.

Msomaji, Moshi