Nyumba ya msonge inavuja: tutandike nailoni?

Swali: Injinia, shikamoo. Nyumba ya msonge ya marehemu babu, huku Kibosho, imeanza kuvuja masika haya. Miaka minne iliyopita tulihamishia jiko nje ili nyumba ibaki ya kumbukumbu, wajukuu waje waione. Fundi anashauri tutandike nailoni chini ya nyasi. Tumkubalie?

Jibu: Marahaba, na poleni na mvua. Msimkubalie. Ugonjwa wa nyumba yenu umeshautaja mwenyewe: mmehamisha jiko.

Wazee hawakuweka mafiga katikati ya nyumba kwa kukosa pengine pa kupikia. Moshi ulipanda darini ukakausha kuni na ndizi, kisha ukapenya kwenye nyasi na kuzikausha kwa ndani, na wadudu hawapendi masizi. Paa la nyasi zuri halilowi lote. Maji huteremka kutoka unyasi hadi unyasi kwenye tabaka la juu tu, unene wa vidole viwili hivi, yakadondokea chini. Linalooza ni lile ambalo likilowa halipati nafasi ya kukauka. Mkiweka nailoni, nyasi hazitapumua kwa chini. Zitaoza huku ninyi mkifurahi kwamba ndani hapavuji.

Kabla ya kuezua, pimeni. Weka ngazi upande usiopata jua, chomeka mkono kwenye nyasi. Ukitoa nyasi nyeusi, laini kama tumbaku iliyolowa, lakini chini yake ukakuta kavu zinazokatika kwa mlio, paa bado zima: chambueni zilizooza, mwongeze mpya. Mkono ukizama mpaka kifundoni na bado unashika majimaji, ezueni sehemu hiyo.

Kagueni kilele kabla ya pengine pote. Nyasi zinataka mteremko wa nyuzi 45 au zaidi, yaani kila mita moja ya kwenda ndani, paa lipande mita moja. Msonge wa Kichagga umeviringana juu kama mzinga, kwa hiyo pale kileleni mteremko unalala na maji yanazubaa. Pavisheni kofia nene ya nyasi iliyokazwa kwa kamba, na muwe mnaibadilisha mapema bila kungoja paa zima lichoke. Tumieni nyasi ndefu zilizokauka zikiwa bado zimesimama. Makuti ya pwani waachieni wenye hoteli. Nyumba ya babu itafanana na baa ya ufukweni.

Migomba inayoegemea paa ikateni majani, jua lifike.

Halafu rudisheni moto. Mdogo tu, mara mbili tatu kwa wiki, kuni zisizorusha cheche, mtu mzima akae pale mpaka uzimike, ndoo ya maji ikiwa mlangoni. Waya wa umeme usipite kwenye nyasi hata kidogo. Wajukuu wakitaka mwanga, taa ya sola ya kubeba mkononi inatosha.