Re: Gundi ya mbao isiyoingia maji imeganda mikononi na kwenye shati

Ndugu, kwanza soma chupa, maana dawa inategemea aina ya gundi. Ile nyeupe au ya krimu ikiwa bado mbichi hutoka kwa maji na sabuni tu. Ikishakauka, loweka mikono kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, kisha ibandue taratibu.

Ya polyurethane, ile inayotoa povu, ni kesi nyingine kabisa! Ifute haraka kwa kitambaa kikavu, maana unyevu ndio unaoigandisha. Ikikauka kwenye ngozi, paka mafuta, sugua polepole, mabaki yatatoka yenyewe baada ya siku chache. Usikwangue kwa wembe, tafadhali.

Shati likiwa na gundi hiyo iliyokauka, sitakudanganya: kwa kawaida halisafishiki. Asetoni, kile kiyeyushi cha kuondolea rangi ya kucha, haiyeyushi iliyokwisha ganda, na vitambaa vya asetati (aina ya nyuzi za viwandani) huviharibu.