Kibali Kisichosema Mahali

"Hii inasema muziki," askari aliniambia, karatasi yangu ameishika kwa vidole viwili kama samaki wa jana. "Haisemi hapa."

Hapo palikuwa Mkunguni, uwanja ulio mbele ya Ngome ya Lamu, saa kumi na moja za jioni, wageni wanashuka mashuani wakitafuta pa kuketi. Nilikuwa na zumari langu, wenzangu wawili na ngoma zao, vumi na chapuo, mwimbaji wetu mwenye sauti laini, na spika ndogo ya kuazima ili upepo wa bahari usimmeze. Risiti nilikuwa nayo. Nimeilipia mwenyewe dirishani, muhuri umekaa juu yake, nikajiona nimemaliza. Spika ikaenda, sisi tukabaki. Ilinichukua siku tisa kuikomboa, na mwenyewe hajaniazima kitu tena hadi leo.

Huwa naulizwa na vijana wanaotaka kupiga ngoma, kuchora watu au kufanya mazingaombwe pale pwani: leseni ya kazi hii inaitwaje, na ni bei gani? Swali lenyewe lina kasoro ile ile niliyokuwa nayo mimi. Wanatafuta karatasi ya kuwaruhusu kucheza. Kucheza hakuna anayekukataza. Kinachogombewa ni mahali na saa, na karatasi isiyotaja viwili hivyo ni risiti tu ya kwamba ulilipa pesa.

Tuanze na nani mwenye nini. Katiba ya Kenya ya 2010 iliziachia kaunti shughuli za utamaduni na burudani za umma, na pia udhibiti wa kelele. Kwa hiyo mlango wako wa kwanza wa serikali ni kaunti: ofisi ya utamaduni kwa barua, ofisi ya leseni kwa malipo. Usidhani ofisi hizo mbili huzungumza. Mimi nililipa ya pili bila kupita ya kwanza, ndiyo maana karatasi yangu ilijua bei na haikujua Mkunguni. Polisi nao wana lao. Sheria ya nchi inataka mikutano ya hadhara na maandamano yaarifiwe kituoni si chini ya siku tatu kabla na si zaidi ya siku kumi na nne. Ngoma ya watu wanne si maandamano, lakini tukitaka kutembea na kirumbizi, ngoma ya kuchezea fimbo, kutoka mtaa wa Langoni hadi wa Mkomani, bakora mikononi na watoto mia nyuma yetu, hufuata muda huo huo na kupeleka barua kwa OCS, mkuu wa kituo cha polisi. Hajawahi kunikatalia. Aliwahi kuniuliza mbona namwambia, na hilo ndilo swali ninalopenda kuulizwa na polisi.

Halafu iko Ngome yenyewe. Ilikuwa jela hadi 1984, na siku ile ya spika nilidhani wataifungua tena kwa ajili yangu. Sasa iko chini ya Makumbusho ya Taifa. Ukicheza uwanjani uko kwa kaunti, ukivuka kizingiti ukaingia ndani uko kwa Makumbusho, na hatua zenyewe hazifiki kumi. Barua ya huku haisomeki kule.

Mgeni mmoja wa Uingereza, mpiga fidla, aliketi nasi jioni moja akatueleza mambo ya kwao. Katika vituo vya treni za chini ya ardhi London kuna mpango tangu 2003: mwanamuziki anajaribiwa, anapewa kadi, anapangiwa kituo na saa, kisha anasimama ndani ya nusu duara lililochorwa sakafuni. Tulicheka sana, mtu mzima kuchorewa mstari kama kuku. Usiku nikalala nikiwaza kwamba mwenye nusu duara hawezi kuambiwa "haisemi hapa". Nilipoanza kusoma nikakuta Paris nako, tangu 1997, wanamuziki wa metro hupita mbele ya kamati ndipo wapewe ruhusa. New York ilishika njia ngumu kwanza: mwaka 1936, chini ya meya Fiorello La Guardia, ilipiga marufuku muziki wa barabarani, na marufuku ikakaa hadi 1970. Leo mpigaji wa kule anaweza kusimama kando ya njia bila kibali, ila akitaka kipaza sauti aende kituo cha polisi alipe dola 45 kwa siku ya kwanza. Hilo nimelipenda kuliko yote, kwa sababu mji umejua kinachomkera jirani. Jirani hakerwi na mtu, anakerwa na spika.

Na jirani ndiye niliyemruka. Baada ya mkasa ule nilikwenda kwa mzee mmoja ambaye kila alasiri utamkuta barazani kwake, akaniacha nieleze hadi mwisho, kisha akasema: "Mwanangu, mbona umeanza na wanaofunga mlango jioni? Sisi ndio tunaolala hapa."

Asiyeujua mji huu ataona ni maneno ya mzee. Nyumba zetu ni za mawe ya matumbawe na madirisha yake yanatazamana, sauti ikiingia kichochoroni haina pa kutokea. Mwaka wangu wa kwanza nilijaribu kupiga pale Usita wa Mui, njia kuu ya mji, nikafurahi watu walivyojaa. Punda watatu wa mchanga wakafika, hawana pa kupita. Kijana wao akapiga mluzi, hakuna aliyesikia kwa sababu zumari ndilo linalosikika. Punda wa kati akageuka, gunia likaparuza ukuta likapasuka, na mchanga wote ukamwagika mlangoni kwa mama anayeuza mahamri. Mahamri yalikuwa wazi kwenye sinia. Nililipa sinia zima, na nilistahili. Hakuna kibali cha afisa yeyote ambacho kingenisaidia mbele ya mama yule.

Basi sasa mimi huanzia mtaani. Huzunguka kwa miguu, bila zumari: mzee wa mtaa, wenye maduka yanayotazama ninapopataka, na msikiti ulio karibu zaidi. Msikitini usiulize kama muziki unafaa, utafungua mjadala usioumaliza. Uliza tu wanaanza kutengeneza spika saa ngapi. Mji wa kale una misikiti zaidi ya ishirini na adhana zake hazitoki kwa sekunde moja. Mimi hufunga zumari robo saa kabla ya Magharibi. Ramadhani siombi kabisa. Siku za Maulidi na za tamasha la utamaduni viwanja vina wenyewe na ratiba yao. Ukitaka kucheza omba kuingizwa humo mapema, usiende kuwaonyesha kibali chako cha mwaka.

Kuhusu kelele, kanuni za nchi za mwaka 2009 zinahesabu usiku kuanzia baada ya saa mbili, na karibu na nyumba za ibada kipimo cha mchana ni desibeli 40. Watu wawili wakizungumza kwa adabu tayari wanazidi desibeli 40. Zumari peke yake limeshavuka, usijidanganye, na kila ninapolipuliza nipo kwa hisani ya wenye mtaa. Spika sijaichukua tena. Mwimbaji tumemsogeza ukutani, ukuta unamrudishia sauti, na kwa kweli anasikika vizuri kuliko zamani.

Pesa. Kwetu mpigaji hutuzwa: mtu anakuja mbele, anacheza kidogo, anaacha noti. Ni heshima, inajulikana harusini na kwenye vugo, ngoma ya wanawake ya harusi. Lakini ukimfuata mgeni na kofia hadi mezani kwake, mbele ya askari hiyo si tuzo tena, ni kuomba, na utaondolewa kwa jina hilo. Weka kapu moja miguuni pako, namba ya M-Pesa kwenye kadibodi, na umwache mtu aje mwenyewe. Dirishani nako usitoe shilingi isiyo na risiti, hata ukiambiwa mtandao umelala. Subiri uamke.

Mkiwa kikundi, jisajilini ofisi ya maendeleo ya jamii; kuna sheria ya vikundi ya 2022 na utaratibu wake unaeleweka. Barua ya kikundi chenye cheti husomwa. Ya mtu mmoja hukaa chini ya glasi ya chai.

Barua yangu ya mwisho iligongwa muhuri siku ya pili. Piga nakala mbili, moja ukae nayo kwenye mfuko wa nailoni. Ilikuwa na maneno haya, yachukueni:

"Sisi ni watu wanne: zumari moja, vumi moja, chapuo moja, mwimbaji mmoja. Hatuna spika. Tunaomba kupiga Mkunguni, chini ya mti wa mkungu ulio upande wa soko, mbali na mlango wa Ngome. Siku ni Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, kuanzia saa kumi na nusu baada ya Alasiri hadi robo saa kabla ya Magharibi. Wenye maduka sita yanayotazama mahali hapo wametia sahihi nyuma ya barua hii. Tutakaa nyuma ya kamba tuliyopima wenyewe, na upande wa bahari tumeacha nafasi ya punda wawili wenye mizigo kupishana."