Jibu: Muuaji anajulikana mapema kwenye jumba lililozingirwa na theluji

Habari ndugu. Nimekuelewa: mzee mwenye jumba kauawa mkesha wa Krismasi, theluji imefunga barabara, na kila uliyempa rasimu anamtaja mrithi kabla hata ya sura ya tatu.

Kabla hujamgusa mrithi, angalia theluji iliacha kuanguka saa ngapi. Kama iliacha baada ya mauaji, uwanja usio na nyayo hauthibitishi kitu, maana zingekuwa zimeshafukiwa. Msomaji makini atakubana hapo.

Halafu lile dirisha la maktaba uliloliacha wazi, usilitoe! Baridi huupoza mwili haraka, kwa hiyo daktari akipima joto la maiti atadhani mzee alikufa mapema kuliko ilivyokuwa. Saa hiyo ya uongo ndiyo kinga ya muuaji, kwani alikuwa mezani na wenzake wote. Ningempa kinga hiyo yule mkwe mpole anayekata keki. Baadaye alifunge dirisha, asahau zulia lililolowa chini yake. Mrithi mwache bila shahidi, wamshuku wanavyotaka.

Wosia ufupishe tu, wakili anaongea mno.