Jembe, nyumba na daftari la baba

Mhariri, wiki hii mmetuuliza kama mfumo wa chama kimoja hapa Tanzania uliwahi kuwa na faida yoyote, au tulipoteza muda tu mpaka vyama vingi viliporuhusiwa 1992. Najibu kama mtoto wa balozi wa nyumba kumi, yaani kiongozi wa chama wa ngazi ya chini kabisa, kwa hiyo mnisamehe nikianzia nyumbani.

Uchaguzi wa 1980 nilikuwa darasa la tano, wilayani Kwimba. Wagombea ubunge wawili walishuka kwenye Land Rover moja ya chama, wakakalishwa benchi moja chini ya mkuyu. Mmoja alama yake jembe, mwenzake nyumba. Katibu alikuwa na saa mkononi: kila mtu dakika zake, kwa Kiswahili, marufuku kutaja kabila wala dini. Wa jembe akasema jembe ndilo linalojenga nyumba. Wa nyumba akamjibu kwamba mkulima asiye na pa kulala haamki alfajiri. Mama alicheka mpaka akafuta machozi. Walipomaliza wakapanda gari lile lile, wakaenda kula vumbi pamoja hadi kijiji cha pili. Sikusikia kwamba kati yao yupo aliyeuza ng'ombe ili apate ubunge.

Na msidhani yalikuwa maigizo. Mwaka 1965, uchaguzi wa kwanza chini ya mfumo huo, wapiga kura wa Mwanza walimwangusha Paul Bomani, aliyepata kuwa Waziri wa Fedha na mmoja wa waliojenga ushirika wa pamba Kanda ya Ziwa. Mtu alimkataa waziri bila kukihama chama chake. Siku hizi ukimchoka mbunge wako, kwanza ujiulize kama uko tayari kuwapa wapinzani jimbo zima. Wenzetu wa Kenya walinyimwa hata hicho kidogo: mwaka 1988 KANU, chama tawala chao, iliwapanga watu mchana kweupe nyuma ya wagombea, mlolongo, na kuna mahali mstari mfupi ndio uliotangazwa mshindi.

Sasa hasara. Yale majina mawili yalipitishwa na Halmashauri Kuu ya Taifa ya chama, sisi tukachagua kati ya waliokwisha kuchaguliwa. Kwa rais lilikuja jina moja, ndiyo au hapana. Oktoba 1968 TANU, chama tawala cha wakati huo, iliwavua uanachama wabunge kadhaa, pamoja na waziri wa zamani Oscar Kambona aliyekuwa tayari uhamishoni. Kwa kuwa sheria ilimtaka mbunge awe mwanachama, viti vyao vikaondoka na kadi zao. Waliowapigia kura hawakuulizwa. Mbunge aliyeliona hilo alijua amwogope nani, na si mimi na wewe.

Hapa ndipo ninapogombana na vijana wanaosema mambo hayo yamepitwa na wakati. Kamba ile iliyofunga kiti cha ubunge na kadi ya chama haikukatwa 1992. Mbunge akivuliwa uanachama leo, wa chama chochote kile, anapoteza kiti. Mgombea binafsi hana nafasi mpaka sasa, ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko hapa hapa Arusha, ilisema mwaka 2013 katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila, mwanasiasa wa upinzani, kwamba katazo hilo linavunja haki. Tuliongeza vyama, kadi ikabaki na nguvu zake.

Huku chini, chama kushika hatamu, yaani chama kuwa juu ya kila kitu, maana yake ilikuwa daftari la baba. Sukari ilipoadimika, dukani hupewi bila barua ya balozi, na baba aliandika barua kwa kufuata daftari: jina, idadi ya watu nyumbani, alama ya vyema. Mzee mmoja jirani yetu alisimama mkutanoni akauliza pamba ya shamba la kijiji imeuzwa na fedha ziko wapi. Aliuliza kwa adabu tu. Wiki ile alikuja kwetu mara tatu, na mara zote tatu baba alimwambia, "Rudi kesho, mzee mwenzangu, karatasi zimekwisha." Karatasi zilikuwepo. Mimi ndiye niliyekuwa nikimchania baba kwenye daftari langu la hesabu.

Baba hakuwa katili. Mzee yule alipofiwa, yeye ndiye aliyekesha naye. Lakini hakuna aliyemtuma anyime barua, na hakuna chama kingine ambako mzee angekwenda kushtaki.

Tume ya Jaji Nyalali ilipokusanya maoni ya wananchi kuhusu chama kimoja au vyama vingi mwaka 1991, karibu asilimia 80 ya waliosema walitaka chama kimoja kiendelee, baba akiwemo. Alihofia ukabila na vita. Tume ikashauri vyama vingi hata hivyo, na alinuna mwezi mzima. Kuhusu ukabila sikumbishia.

Daftari ninalo. Wino umefifia, lakini ukurasa wa 1983 unasomeka: majina kumi, alama za vyema tisa.